Posho ya Mjini: Mfanyakazi Mgeni Atakula Nini Kampala?



Kila mwaka wenzetu wengi huacha mashamba ya miwa na ya chai wakaja Kampala kutafuta kazi viwandani. Wako wanaotoka Busoga na Bunyoro, wako wanaotoka Tooro na Kigezi, na wako wanaovuka mpaka kutoka Kongo, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini. Kila mmoja huja na hesabu yake kichwani: mshahara wa kiwanda ni mkubwa kuliko wa shamba, kwa hiyo nitatuma pesa nyumbani, nitasomesha watoto, nitajenga. Mwezi wa kwanza ukiisha, hesabu hiyo imeharibika. Pesa zimekwisha, na mwenyewe amekonda.

Mimi mwenyewe nilikata miwa miaka sita kabla ya kuja mjini, na makosa nitakayoyataja hapa niliyafanya karibu yote. Nayaandika ili mwenzangu anayefika leo asiyarudie.

Shambani, hata kama mshahara ni mdogo, mfanyakazi ana vitu viwili ambavyo havihesabu. Cha kwanza ni kijishamba nyuma ya kambi: mashina machache ya ndizi, muhogo, mchicha, labda kuku wawili. Cha pili ni mgao wa chakula unaotolewa na tajiri wa shamba, au walau jungu la mchana linalopikwa kwa wote. Akija mjini, vitu vyote viwili huviacha nyuma. Toka siku ile kila tonge ni pesa: ndizi ni pesa, mkaa ni pesa, maji ni pesa, hata jani la kufunikia chakula ni pesa. Mshahara umeongezeka, ni kweli, lakini tumbo limehamia ndani ya mshahara.

NENO "POSHO"

Mgeni wa Kampala hulishangaa neno posho. Mtanzania akilisikia hufikiri pesa za safari au za kikao. Mkenya hukumbuka kinu cha kusagia mahindi. Hapa Uganda posho ni ugali wenyewe, ule mweupe wa mahindi. Maana hizi zote zina mzazi mmoja.

Zamani za misafara, katika karne ya 19, mpagazi aliyebeba pembe na vitambaa kati ya pwani na bara alipewa posho ya kila siku. Ilikuwa kama kibaba kimoja cha nafaka, au kitambaa na shanga za kununulia chakula njiani. Posho ilipopunguzwa au kucheleweshwa, wapagazi waliweka mizigo chini. Wengine walitoroka, wengine walikataa kuondoka kambini mpaka wapewe haki yao. Hawakuwa na chama wala kadi, lakini walijua kwamba mzigo hautembei peke yake, na mwenye kuubeba hatembei bila kula.

Baadaye yakaja mashamba makubwa. Kiwanda cha sukari cha Lugazi kilianza mwaka 1924, na cha Kakira mwaka 1930. Vibarua walitoka mbali: Kigezi, West Nile, Rwanda na Burundi. Kwao wengine walizoea ndizi, wengine mtama, wengine maharage na viazi. Kazini wote walipewa kitu kimoja, unga wa mahindi, kwa sababu haukuwa ghali, uliwekeka ghalani, na ulipimika kwa urahisi. Ugali ukawa chakula cha mgao mashambani, jeshini, magerezani na mashuleni. Ndiyo sababu chakula hiki kikachukua jina la mgao wake: posho.

Nimeanza na jambo hili kwa makusudi. Tangu zamani hizo mwenye kazi alijua kwamba chakula cha mfanyakazi ni sehemu ya gharama ya kazi, kama mafuta yalivyo sehemu ya gharama ya mashine. Mjini ujuzi huo umesahauliwa. Tutalirudia jambo hili mwishoni. Kwanza tuangalie namna mgeni anavyoweza kuishi na kula vizuri kwa mshahara alio nao.

CHUMBA, MAJI NA JIKO

Wafanyakazi wengi wa viwanda vya Kampala hupanga chumba kimoja, kinachoitwa muzigo. Wa eneo la viwanda hukaa Namuwongo, Kinawataka au Banda. Wa viwanda vya Namanve hukaa Kireka au Bweyogerere. Usichague chumba kwa kutazama kodi peke yake. Uliza mambo mawili zaidi: je, nitaweza kwenda kazini kwa miguu? Na je, soko liko umbali gani? Chumba cha kodi ndogo kilicho mbali hukudai nauli kila asubuhi na kila jioni, na mvua ikinyesha nauli hupanda papo hapo. Pesa uliyodhani umeiokoa kwenye kodi huila kondakta.

Vyombo vya kuanzia si vingi: sigiri moja ya mkaa, sufuria mbili, kisu, mwiko, jerikeni mbili na ndoo yenye kifuniko. Nasema jerikeni mbili kwa sababu moja yafaa iwe ya maji ya kunywa tu. Maji ya bomba hununuliwa kwa jerikeni. Chemchemi za mabondeni hutoa maji bure, lakini nyingi zimeingiwa na uchafu wa vyoo kwa sababu nyumba zimejengwa juu yake. Kipindupindu kilizuka Kampala mwaka 1997 na 1998, na waliopata taabu zaidi ni wakazi wa mabondeni. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote, uyahifadhi kwenye chombo kilichofunikwa. Mkaa wa kuchemshia maji ni ghali, lakini siku tano za kuharisha bila kwenda kazini ni ghali zaidi.

Na kabla ya yote, jifunze kusalimu. Katika Kampala hata muuza nyanya husalimiwa kwanza, ndipo bei huulizwa. Mwanamume huitwa ssebo, mwanamke huitwa nnyabo. Mgeni anayefika mezani pa mtu na kuuliza "Bei gani?" bila salamu hupewa bei ya mgeni. Anayesalimu, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema "Mmeka?", yaani ni kiasi gani, hupewa bei ya jirani. Ukishanunua waweza kusema "Nnyongerako", niongezee kidogo, na mara nyingi utaongezewa nyanya mbili au kitunguu.

HOTELINI: BEI HUFUATA MCHUZI

Siku yangu ya kwanza niliingia katika hoteli ndogo ya mbao karibu na kiwanda. Mama mwenye hoteli aliniuliza, "Enva ki?" Sikuelewa. Nikaonyesha kidole kwenye sahani ya jirani yangu. Nikaletewa mlima wa matoke, wali, viazi vitamu na boga, pamoja na bakuli la nyama. Nilishiba vizuri. Nilipoambiwa bei nikajua kwamba nimekula chakula cha siku mbili.

Somo lake ni hili. Kwa Kiganda kuna vitu viwili tofauti: emmere na enva. Emmere ni kile kinachojaza tumbo: matoke, posho, wali, muhogo, viazi vitamu, magimbi, boga. Enva ni kitoweo: maharage, njugu, mboga za majani, samaki, nyama, kuku. Katika hoteli za kawaida bei ya sahani huenda kwa enva. Emmere huja pamoja nayo, na waweza kuomba kila aina kidogo kidogo. Kwa hiyo anayechagua maharage au mchuzi wa njugu hupata emmere ile ile aliyopata mwenye nyama, kwa bei ndogo. Kwa mtu wa kazi nzito hilo ni jambo kubwa.

Majina machache yatakusaidia. Posho utasikia ikiitwa pia kawunga. Maharage ni bijanjaalo. Mchuzi wa njugu zilizopondwa ni binyebwa. Viazi vitamu ni lumonde. Viazi mviringo watu huviita "Irish", nawe usidhani ni chakula cha Wazungu. Dagaa ni mukene. Katogo ni matoke yaliyopikwa sufuria moja na maharage, njugu au matumbo, na huliwa asubuhi. Mtu akila sahani ya katogo saa moja asubuhi, hafikirii chakula mpaka mchana.

Barabarani utakuta kikomando, yaani chapati iliyokatwa vipande na kumwagiwa maharage. Ni chakula cha vijana wasio na pesa, na kwa kweli kina nguvu. Utakuta pia rolex, chapati iliyokunjwa pamoja na mayai ya kukaanga, nyanya na kabichi. Jina hilo halihusiani na saa ya mkononi. Limetokana na maneno ya Kiingereza ya "mayai yaliyokunjwa". Rolex inafaa kwa mtu anayetoka zamu usiku, lakini ukiila kila siku mafuta yatakuwa mengi na pesa zitakuwa chache. Kabalagala, vile vikeki vya ndizi mbivu na unga wa muhogo, ni vya kusindikiza chai tu. Usivifanye mlo.

Jioni, kando ya barabara, akina mama hupanga vyakula chini, kila mmoja na kitaa chake kidogo. Soko la namna hiyo huitwa toninnyira mu kange, maana yake "usinikanyagie changu". Hapo utapata samaki wa kukaanga, gonja ya kuchoma, mahindi, na majira ya Novemba hata nsenene, wale panzi watamu wa kukaanga. Bei si mbaya, hasa saa za kufunga.

Utajuaje hoteli nzuri? Angalia waliao, usiangalie rangi ya ukuta. Pale wanapokula wapakuaji wa malori, makuli wa sokoni na madereva, chakula ni kingi na huisha kabla hakijalala. Angalia kama kuna maji ya kunawa na sabuni. Angalia kama chakula kinatoka motoni kikifuka moshi. Matoke ya Kampala hupikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba, nayo yakifunikwa vizuri hukaa na moto muda mrefu. Lakini nyama iliyopoa tangu asubuhi iache hata ukipunguziwa bei. Rahisi ghali.

SOKONI

Kampala ina masoko mengi, na kila soko lina tabia yake. Nakasero, katikati ya mji, lina matunda na mboga safi, lakini wateja wake ni wenye magari. Owino, ambalo sasa jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, liko karibu na uwanja wa Nakivubo, na hapo utapata nafaka, maharage, mukene na vyombo vya jikoni. Kalerwe, kwenye barabara ya Gayaza, hupokea malori ya matoke na mboga kutoka mashambani, na husifiwa kwa bei nafuu. Nakawa, kwenye Barabara ya Jinja, liko karibu zaidi na wafanyakazi wa viwandani.

Saa ya kununua ni muhimu kama soko lenyewe. Asubuhi mapema malori yanaposhusha mzigo, mkungu mzima wa matoke hupatikana kwa bei ya jumla. Jioni ya giza, mboga zisizoweza kulala huuzwa kwa fungu kubwa. Mchana, saa ambayo mtu ana njaa na haraka, ndiyo saa mbaya ya kununua.

Jihadhari pia na vipimo. Vitu vingi huuzwa kwa fungu, kopo au kikombe. Kopo lililobonyezwa kitako hupunguza maharage yako bila wewe kujua. Tia kidole ndani ya kopo kabla halijajazwa, au nunua kwa mizani. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wazee, lakini kibaba chenyewe lazima kiwe kamili.

Jambo moja zaidi nataka likumbukwe: ukungu. Mahindi na njugu zilizonyeshewa au kuwekwa mahali penye unyevu huota ukungu wenye sumu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hii. Mwaka 2021 serikali ya Kenya ilizuia kwa muda mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo. Usinunue njugu zilizokwisha pondwa ikiwa hukuziona kabla ya kupondwa. Nunua nzima, chagua na kutupa zilizobadilika rangi, zilizonyauka au chungu, ndipo uponde mwenyewe. Unga unaonuka uvundo usiutie sufuriani.

CHAKULA CHA KUTIA NGUVU

Wenzetu wengi huamini kwamba chakula kizuri ni nyama na soda. Kwa hiyo siku ya mshahara hula nyama na soda, na wiki ya mwisho hunywa chai na kulala. Mwili haujengwi kwa sikukuu moja katika mwezi.

Chakula kizuri kwa mfanyakazi ni kile kinachotimiza mambo matatu kila siku: kinachotia nguvu, kinachojenga mwili, na kinacholinda mwili. Posho, matoke, muhogo na viazi hutia nguvu. Maharage, njugu, mukene, mayai na nyama hujenga mwili. Mboga za majani na matunda hulinda. Aliyekula posho peke yake amejaza tumbo, lakini misuli yake haikupata kitu cha kutosha. Akiongeza maharage, kile kilichopungua katika mahindi hupatikana katika maharage, na kile kilichopungua katika maharage hupatikana katika mahindi. Posho na maharage si chakula cha aibu. Ni ndoa nzuri.

Mukene ndiyo nyama ya mwenye pesa kidogo. Huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na mifupa hiyo huimarisha mifupa yako. Chagua mukene waliokauka vizuri na wasio na mchanga, uwaoshe kwa maji moto, kisha wapike na mchuzi wa njugu. Kuna pia mgongo wazi, mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda vya samaki kutoa minofu ya kupeleka ng'ambo. Minofu hupanda ndege, nasi hubaki na mgongo. Hata hivyo kichwani na kwenye mbavu mna nyama, na supu yake ni nzuri ikiwa samaki hakuoza.

Mboga za majani Kampala ni nyingi: nakati, dodo, bbugga, sukuma wiki. Fungu moja linatosha watu wawili. Ongeza embe, papai au chungwa la msimu.

Chai nayo ina desturi yake. Wengi wetu hunywa chai kavu pamoja na chakula. Chai ikinywewa na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga, na upungufu wa madini hayo ndio unaoleta upungufu wa damu, hasa kwa akina mama. Kunywa chai saa moja kabla au baada ya kula. Hili halikugharimu hata senti.

HESABU YA CHUNGU KIMOJA

Tuchukue mfano wa hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka bei za soko lako.

Tuseme sahani ya maharage hotelini ni shilingi 4,000. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 104,000, na hiyo ni chakula cha mchana peke yake. Sasa chukua wafanyakazi wanne wanaokaa jirani. Mlo mmoja wao wahitaji unga kilo moja, yaani robo kilo kwa kila mtu, na maharage makavu nusu kilo, ambayo yakipikwa huvimba na kuwa zaidi ya kilo moja. Tuseme unga ni shilingi 3,000, maharage 2,500, mafuta na kitunguu na mboga 1,500, na mkaa 1,000. Jumla ni shilingi 8,000, yaani 2,000 kwa kila mtu. Kwa siku 26 ni shilingi 52,000. Nusu imebaki mfukoni, na mboga zimeongezeka ndani ya sahani.

Mwenye kupika peke yake haipati faida hii, maana mkaa wa sufuria ndogo ni karibu sawa na mkaa wa sufuria kubwa. Ndiyo maana nasema: tafuteni wenzenu watatu kabla ya kutafuta kitanda kizuri. Lowekeni maharage usiku kucha na kumwaga maji yake, nayo yataiva upesi kwa mkaa kidogo. Pikeni jioni, na kilichobaki kichemshwe tena asubuhi kabla ya kubebwa kazini.

Lakini chungu cha pamoja kina sheria zake. Pesa zitolewe siku ya mshahara, zisingojwe katikati ya mwezi. Mmoja awe mtunza daftari, na daftari lisomwe kila Jumapili. Zamu ya kupika iwe ya wote. Chungu chetu cha kwanza kilivunjika kwa sababu wanaume watatu tulimwachia dada mmoja kupika, kuosha vyombo na kuchota maji, hali yeye alitoka zamu ile ile tuliyotoka sisi. Alijiondoa, na alikuwa na haki. Chungu cha pili kilidumu kwa sababu tulipanga zamu na kuziandika ukutani.

POSHO KAZINI

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kula vizuri ni kazi ya akili ya mfanyakazi mwenyewe. Sehemu kubwa ni kweli. Lakini sivyo yote, na tusidanganyane.

Katika kiwanda nilichofanya kazi kwanza, kijana mmoja wa zamu ya usiku alianguka karibu na mashine. Mkono wake ulifika shubiri moja tu kutoka kwenye magurudumu. Tulidhani ni malaria. Hospitalini aliulizwa amekula nini. Akajibu: chai asubuhi ya jana, na kabalagala mbili. Alikuwa anajinyima ili atume karo ya mdogo wake. Msimamizi alisema kijana ni mzembe, hajui kutumia mshahara wake. Sisi tulikaa chini tukapiga hesabu ya mshahara ule: kodi, maji, mkaa, nauli, pesa za nyumbani. Kilichobaki hakikutosha milo miwili kwa siku, hata kwa mwenye akili nyingi.

Kima cha chini cha mshahara Uganda kilitangazwa mwaka 1984 kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuweka utaratibu mpya wa kima cha chini, lakini Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo mfanyakazi asingojee sheria peke yake. Njia iliyo mikononi mwetu ni mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri.

Jueni kwamba dai la chakula kazini si kuomba sadaka. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 102 la mwaka 1956, lilieleza kwamba wafanyakazi wawekewe mahali pa kulia na huduma za chakula kazini. Mkataba wake Na. 95 wa mwaka 1949 unasema kwamba mshahara ukilipwa sehemu yake kwa vitu, vitu hivyo viwe vya kumfaa mfanyakazi na jamaa yake, na thamani yake ihesabiwe kwa haki. Mkataba huo huo unakataza kumlazimisha mfanyakazi kununua katika duka la mwajiri. Haya yote ni majibu kwa mambo yaliyowapata wafanyakazi waliotutangulia.

Wajumbe wetu walipokwenda kuzungumza, hawakwenda na kelele. Walikwenda na karatasi tatu: hesabu ya mshahara na matumizi, orodha ya siku zilizopotea kwa ugonjwa na ajali, na hesabu ya chungu kimoja kikipikwa kwa watu mia. Karatasi hiyo ya tatu ndiyo iliyofanya kazi. Mwajiri aliona kwamba akinunua unga na maharage kwa magunia, gharama kwa kila mtu ni ndogo kuliko hasara ya mashine kusimama.

Kwanza alikubali, lakini alitaka kukata pesa katika mshahara. Tukakataa, maana huko ni kumlisha mtu mkono wake mwenyewe. Baada ya miezi kadhaa tulipata posho na maharage kwa zamu ya mchana bila kukatwa kitu, na wajumbe wawili katika kamati ya jiko wa kukagua magunia yanapofika. Hilo la kamati msilisahau. Mahali ambapo wafanyakazi hawakagui ghala, maharage huja na wadudu na unga huja na ukungu. Zamu ya usiku ilipewa chai na mkate tu, na mpaka nilipoondoka jambo hilo lilikuwa bado mezani. Yule kijana alikuwa wa zamu ya usiku. Kwa hiyo sitasema tulishinda. Tulifika nusu ya njia.

Ndugu mfanyakazi mgeni, nakuachia maneno machache ya kukumbuka. Salimu kabla ya kuuliza bei. Chagua enva kwa akili. Nunua asubuhi au jioni, na uangalie kopo. Tupa chenye ukungu. Chemsha maji. Usile peke yako, na usipike peke yako. Na siku utakapokula chakula cha mchana kazini, uliza: zamu ya usiku wamekula nini? Ikiwa jibu ni chai na mkate, peleka neno hilo kwenye mkutano wa tawi lako.